Safu ya Tofauti

Kila mwaka, barafu ikianza kulegea mtoni,
naletewa fomu.
Mimi Parascovia, karani wa zahanati ya vyumba viwili,
ndiye nijazaye umbali wetu kwa tarakimu.

Safu ya kwanza: bei ya mjini.
Kule Anchorage laini ya namna hii
hulipiwa bila mtu kukohoa.
Safu ya pili: bei ya hapa,
ambapo neno halina barabara,
hupanda hadi kwenye setilaiti, hugeuka, hushuka,
na kila ngazi ina bawabu aliyekinga mkono.
Safu ya tatu: tofauti.
Toa ndogo kwenye kubwa.
Kinachobaki, mfuko wa taifa utalipa,
ukiridhika.

Nimekaa sana na hiyo safu ya tatu.
Najua kilichomo.

Mna usiku mmoja wa Novemba,
upepo umeing'ang'ania antena kama mbwa na mfupa,
na Evon, mhudumu wetu wa afya,
aliyefunzwa kwa majuma, si kwa miaka,
amemlaza Olinka mezani. Miezi saba.
Mbavu zinazama kila avutapo pumzi.
Ndege haiji. Rubani kasema kesho saa nne,
labda.
Kwenye skrini daktari, maili mia nne kutoka hapa:
"Nionyeshe kifua. Sogeza. Sogeza tena.
Sasa mpe—"
na uso wake ukaganda.

Sisi neno kuganda tunalijua.
Mto huganda, tukapita juu yake na pikipiki za theluji.
Samaki huganda, tukala hadi Machi.
Lakini mdomo wa daktari ukiganda katikati ya dozi
hapapiti kitu.

Bibi yake mtoto akaanza kusali Kiyupiki, ukutani amegeukia.
Evon hakuinua kichwa, alihesabu pumzi kwa sauti.
Nami, kwa mazoea ya ukarani,
nikahesabu sekunde.
Hamsini na moja.
Ndipo mdomo ukayeyuka:
"—mililita mbili, polepole. Mmenisikia?"

Tulimsikia.
Olinka sasa ana miaka minne na anauma watu.

Barua ilifika Juni, siku moja na samaki wa kwanza.
*Msaada umepunguzwa kwa robo.
Ushahidi wa bei haujitoshelezi.
Fafanueni kwa nini huduma hii ni ghali
kuliko mahali pengine panapofanana na kwenu.*
Nikamsomea mume wangu, Yako, pale alipokuwa akipasua samaki.
Hakuacha kupasua.
"Panapofanana? Waambie waje wapime kwa miguu."

Sikuandika hivyo.
Mali bila daftari huisha bila habari,
na hata shida, nimejifunza, bila daftari haiaminiki.
Nikafukua ankara za miaka mitatu,
nikazitandaza juu ya kitanda cha wagonjwa
hadi Evon akaniuliza nani kafa.
Kampuni nayo ilikuwa imeshatuma yake, fupi:
tutashusha kasi kuanzia Septemba mosi, mpaka deni liishe.
Kasi. Wameiandika kama vile ni kitu cha magari.

Usiku nikajaza upya.
Kwenye safu ya tofauti nikaandika: sekunde 51.
Mashine ikakataa.
*Ingiza kiasi kwa dola.*
Nikafuta, nikaingiza dola,
nikaambatisha ankara, muhuri, saini ya mkurugenzi
aliyesaini akiwa mtumbwini, karatasi ina magamba ya samaki pembeni.
Nikabonyeza tuma.

Faili likapanda taratibu
kwa laini ileile tunayoiombea:
asilimia kumi, arobaini,
themanini na tisa,
tisini na saba.

Likaganda.

Nikavuta kiti karibu na skrini,
nikaanza kuhesabu.